KARATASI ILIYO BAINA YA MWAJIRI NA MFANYA KAZI
Habari za Sheria ya Kazi katika Kenya, na Yatupasayo Kujua



Kila mwaka katika kitabu hiki hutiwa hesabu za fedha, habari za waliofiwa na waliosaidiwa, na makala moja ya mafundisho. Mwaka huu Halmashauri imeniagiza mimi karani wenu niandike habari za sheria ya kazi. Agizo hilo halikuja bure. Limeletwa na jambo lililompata mwanachama mwenzetu, nami nitalieleza mahali pake bila kuficha, kwa kuwa mkono wangu umo ndani yake.

Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hiyo tunapohesabu ada na michango. Lakini mali ya watu wengi wa chama hiki si shamba wala duka, bali ni nguvu za mikono yao, na nguvu hizo huuzwa kila siku. Basi je, daftari la mali hiyo liko wapi, na ni nani aliandikaye? Mtu akiitazama vema historia ya sheria ya kazi katika nchi yetu, ataona ya kuwa kwa sehemu kubwa ni historia ya karatasi: nani aliiandika, nani aliichukua, na nani aliadhibiwa ilipokosekana.

ZAMANI ZA KIPANDE

Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Mabwana na Watumishi katika mwaka wa 1906, ikaitengeneza upya mwaka wa 1910. Jina lake lenyewe laonyesha nia yake. Kwa sheria hiyo, mtumishi aliyeacha kazi kabla ya siku zake kutimia hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu, kama mtu aliyekosa kulipa deni. Alihesabiwa kuwa ametenda kosa la jinai, naye aliweza kutozwa faini au kutiwa kifungoni. Bwana na mtumishi walipatana, lakini aliyetishwa kwa gereza kwa kuondoka kazini alikuwa mtumishi.

Mwaka wa 1915 ikatungwa sheria ya kuandikisha Waafrika. Kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza haikutekelezwa mara moja; ilianza kufanya kazi baada ya vita, katika miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa achukue cheti, ndicho kipande. Ndani yake mlikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake, siku aliyoandikwa kazi na siku aliyoachishwa, na mshahara aliolipwa. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikebe kidogo cha chuma, nacho kikatungikwa shingoni kwa kamba. Wako waliokifananisha na kengele afungwayo mbuzi ili asipotee machoni pa mchungaji.

Tuangalie sana kazi ya karatasi ile. Aliyeibeba ni mfanya kazi, lakini maneno yote yaliyomo yalikuwa ya wengine. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kupata kazi kwingine kwa njia ya halali. Mwajiri mpya alipoifungua aliona mara moja yule wa kwanza alilipa shilingi ngapi, naye hakuona sababu ya kuongeza. Aliyetoroka alitafutwa kwa alama za vidole zilizowekwa Nairobi. Na aliyekutwa njiani bila kipande alishikwa. Karatasi ilipokosekana, mwenye hatia alikuwa mfanya kazi.

Babu yangu mzaa baba aliwahi kuchukua kipande. Kikebe chake bado kimo katika sanduku la nyumbani, kimeshika kutu. Alituambia sisi wajukuu ya kuwa mwajiri wake wa mwisho alikataa kutia sahihi kwa sababu ya ugomvi wa siku za kazi zilizohesabiwa pungufu. Babu akarudi kwao kwa miguu, akitembea usiku na kulala mchana, akakaa miezi mingi bila kuthubutu kutafuta kazi mjini. Hakusoma hata siku moja, lakini alijua barabara mahali penye pengo katika karatasi ile. Alikuwa akitia kidole pale na kusema, "Hapa ndipo nilipofungwa bila gereza."

WALIOKATAA

Si kweli ya kuwa watu wetu walinyamaza. Mwaka wa 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa wa serikali na machifu wawahimize watu waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Makelele yalipigwa mpaka Uingereza, na mwaka wa 1921 serikali ya huko ikaagiza ya kwamba maofisa wasitumiwe kuwatafutia kazi watu kwa faida ya waajiri wa binafsi. Lakini mwaka huo huo wa 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Ndipo aliposimama Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya serikali mjini Nairobi. Yeye na wenzake walilalamikia kupunguzwa kwa mishahara, kodi, kazi za lazima, na kipande. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo umati uliokusanyika kudai afunguliwe ulipigwa risasi. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Thuku mwenyewe alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Baadaye vikaja vyama vya wafanya kazi. Makhan Singh alishika uongozi wa chama cha wafanya kazi Nairobi katika mwaka wa 1935, na sheria ya kuandikisha vyama hivyo ikatungwa mwaka wa 1937. Mombasa ilitikisika mwaka wa 1939, kisha ikasimama kabisa mwezi wa Januari 1947, wafanya kazi wapata 15,000 walipoacha kazi kwa muda wa siku 12: watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao, na kabla mwaka haujaisha akakamatwa na kupelekwa Baringo. Mwaka wa 1950 ilikuwa zamu ya Makhan Singh na Fred Kubai. Makhan Singh hakupata uhuru wake mpaka mwaka wa 1961.

Taabu hizo hazikupotea bure. Mwaka wa 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa mataifa yote, na kipande cha Mwafrika peke yake kikaondolewa. Mwaka wa 1954 Kamati ya Carpenter ilisema jambo ambalo wafanya kazi walikuwa wakilijua siku zote, yaani mshahara wa chini usipimwe kwa mahitaji ya kijana asiye na mke, bali kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa. Mwezi wa Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walitia sahihi mkataba wa kuelewana kazini. Mwaka wa 1964 ikaundwa Mahakama ya Kazi, na mwaka wa 1965 vyama vikaunganishwa katika COTU.

Hata hivyo mfanya kazi mmoja mmoja, asiye na chama, alibaki mnyonge. Mahakama ile ilisikiliza hasa mashauri baina ya vyama na waajiri. Na Sheria ya Kazi ya mwaka wa 1976 ilimruhusu mwajiri kumwondoa mtu kwa kumpa notisi au fedha za notisi tu, pasipo kumweleza sababu.

SHERIA ILIYOGEUZA KARATASI

Mwaka wa 2007 Bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa pamoja, na kubwa kwa mambo yetu ni Sheria ya Ajira, iliyoanza kutumika mwezi wa Juni 2008. Kisha Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 41, ikampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, kupata ujira wa haki, kuingia chama cha wafanya kazi, na kugoma. Nawaomba wazee wangu wanivumilie niyataje yaliyo ya msingi, kwa sababu hayo ndiyo tunayoulizwa mara kwa mara ofisini.

Kwanza, mapatano ya kazi ya miezi 3 au zaidi yapasa yaandikwe, na mwenye wajibu wa kuyaandika ni mwajiri. Yataje aina ya kazi, mahali, saa za kazi, siku ya kuanza, mshahara na jinsi ulipwavyo. Mfanya kazi atie sahihi, au kama hajui kuandika atie alama ya kidole mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri wake. Na kama hajui kusoma, au lugha iliyotumika haielewi, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha kwamba ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Zamani kidole cha babu kilitiwa wino ili aweze kukamatwa. Leo kidole cha mjukuu hutiwa wino ili kuonyesha kwamba ameelewa na amekubali.

Pili, mwajiri aweke maandishi hayo mpaka miaka 5 baada ya kazi kwisha. Likitokea shauri naye asiweze kuyaonyesha, ni juu yake kuthibitisha ya kwamba maneno ya mfanya kazi juu ya masharti ya kazi si kweli. Wazee, yafaa tusome jambo hili mara mbili. Zamani karatasi ikikosekana alishikwa mfanya kazi. Leo karatasi ikikosekana mzigo ni wa mwajiri.

Tatu, kibarua hawi kibarua milele. Aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, au aliyefanya kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya siku ambazo zikijumlishwa hazipungui miezi 3, sheria humhesabu kuwa ni mtu wa mshahara wa mwezi, naye astahili notisi. Notisi ya mtu wa mwezi ni siku 28 kwa uchache.

Nne, kuna siku za kupumzika. Siku moja katika kila siku 7; likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kila baada ya miezi 12; miezi 3 kwa mama aliyejifungua na wiki 2 kwa baba, zote kwa mshahara kamili. Mgonjwa aliyekwisha fanya kazi miezi 2 mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, ana siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara, kwa uchache, katika mwaka.

Tano, mtu asiondolewe kwa kosa, kwa uzembe au kwa udhaifu wa mwili kabla hajaelezwa sababu kwa lugha anayoielewa na kusikilizwa. Anayo haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake, au mjumbe wa chama chake cha kazi, akae naye wakati huo. Mwajiri ndiye wa kuthibitisha sababu. Akishindwa, mahakama yaweza kumwamuru alipe mpaka mshahara wa miezi 12. Na wanaopunguzwa kwa sababu kazi imekwisha hulipwa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima waliotumika, pamoja na haki zao nyingine.

Sita, aondokaye, kama alikaa wiki 4 au zaidi, hupewa cheti cha utumishi. Humo huandikwa jina la mwajiri na la mfanya kazi, kazi aliyoifanya na mahali pake, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Tofauti na kipande, hapana sharti la kutaja mshahara. Kumnyima mtu cheti hiki ni kosa.

JAMBO LILILOTUPATA

Sasa nalitimiza neno langu la mwanzo. Mwanachama wetu mmoja, ambaye kwa heshima yake sitamtaja, alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja kwa miaka 6. Alilipwa kila Jumamosi kama kibarua. Hakupewa karatasi yo yote, wala likizo. Asubuhi moja nyapara alimwambia asirudi tena jioni, na maneno yakaishia hapo.

Kabla ya mwezi kupita alikuja ofisini petu. Alikuja na daftari la shule la kurasa 96, ambalo ndani yake aliandika kila Jumamosi fedha alizopokea na tarehe. Nililipitia daftari lile kutoka mwanzo hata mwisho: hapakuwa na wiki iliyorukwa. Nikaandika malalamiko yake vizuri, nikayatia katika jalada ili yapelekwe kwenye Halmashauri.

Mkutano wa kwanza haukutimia idadi. Wa pili ulishughulika na msiba. Katika wa tatu ilishauriwa kwa nia njema kwamba atafutwe mtu anayefahamiana na mwenye ghala, ili mambo yamalizwe kwa upole, na mwenzetu aambiwe avute subira. Naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akavuta. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Mimi mwenyewe jalada lile nililiona kabatini mara nyingi nilipokuwa nikitafuta mengine, nikalirudisha mahali pake. Tulipolipeleka hatimaye kwa wakili, ilikuwa imepita miaka 3 na miezi 4 tangu asubuhi ile. Wakili alitazama tarehe kabla hajatazama kitu kingine. Akatuambia ya kuwa madai ya kazi sharti yafikishwe mahakamani kabla ya miaka 3 kupita, na ya kuwa muda huo ukiisha mahakama haina uwezo wa kuuongeza. Kisha akalifungua daftari, akasoma kurasa chache, akasema kwamba ushahidi ulikuwa mzuri.

Mwenzetu hakutulaumu kwa neno hata moja. Alilichukua daftari lake, akalifunga katika gazeti, akaniaga akaenda zake. Nami tangu siku hiyo methali ya mali bila daftari sikuweza kuisema kama zamani. Yeye daftari alikuwa nalo. Waliokosa daftari ni sisi.

Sisemi ya kuwa subira si njema. Subira imewalea wazee wetu, na mapatano ya upole yamemaliza magomvi mengi yasiyofika kortini. Lakini yafaa tujue ya kuwa sheria huhesabu siku hata wakati wa kusuluhishana. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa kwa Ofisa wa Kazi kabla ya miezi 3 kwisha. Shauri hufikishwa mahakamani kabla ya miaka 3. Na yako madai ya madhara yanayoendelea ambayo muda wake ni miezi 12 tu tangu yalipokoma. Asiye na uwezo wa kulipa wakili aweza kusimama mwenyewe mbele ya Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, au kusemewa na chama chake cha wafanya kazi.

TUFANYEJE

Halmashauri imeniruhusu nitoe mashauri haya kwa wanachama. Kila aingiaye kazini aulize karatasi yake kwa adabu, na asiposikilizwa aandike mwenyewe siku aliyoanza, jina la aliyemwandika, na fedha alizoahidiwa. Kila apokeapo mshahara aandike tarehe na kiasi, na zile habari za malipo zinazokuja katika simu asizifute. Akiondolewa, aandike siku hiyo hiyo nani alimwambia, maneno gani, na mbele ya nani; kisha aje ofisini bila kukawia.

Na kwa upande wetu, nimefungua kitabu kipya cha mashauri ya kazi. Kina safu tatu ambazo hazikuwamo katika majalada ya zamani: siku mtu alipoachishwa kazi, siku miezi 3 itakapotimia, na siku miaka 3 itakapotimia. Katika kila mkutano, kabla ya habari za fedha kusomwa, nitazisoma tarehe hizo kwa sauti, hata kama idadi ya wajumbe haikutimia. Nawaomba wazee wasinionee haya kunikumbusha nikisahau.

Kikebe cha babu yangu nimekileta ofisini, nacho kipo juu ya meza karibu na kitabu hicho. Mwanachama apendaye kukiona karibu, aje akitazame.

Wasalaam,
Karani wa Chama